Jicho la Bwana Mifugo

Bwana mifugo alikuwa hashuki kwenye pikipiki. Hilo lijulikane mapema, maana ndilo lililoleta balaa lote hili. Unampigia simu, ng'ombe wako kaota vinundu mwili mzima, au kondoo wako anajikuna ukutani mpaka manyoya yanatoka vishungi vishungi; yeye anakuja, anasimama getini, injini inanguruma, mguu mmoja chini na mmoja juu. Anakunja uso kidogo. Kisha anasema. "Huyo ana mapele ngozi. Mtenge leo hii, na jirani zako wote niwaone kesho kwa chanjo." Au: "Huo ni utitiri. Sindano mbili, ya leo na ya baada ya wiki mbili, na hilo zizi ulisafishe, usiniletee uvivu." Au: "Choa hicho. Usimshike kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali naye, kinaambukiza mpaka watu." Basi. Anaandika dawa kwenye kikaratasi, anageuza pikipiki, huyoo, kaondoka.

Na alikuwa anapatia! Miaka ishirini na saba anapatia, jamani, mpaka watu wakambatiza jina la Jicho. Kuna waliokuwa wanawaita wageni wao waje kumwona akifanya kazi, kama watu wanaokwenda kutazama mpira. Chuo alichosoma kilikuwa cha miaka miwili, cheti chake kimefungwa kwenye fremu sebuleni, lakini nani aliyejali cheti? Wote walimwita daktari, naye aliitika.

Ukweli ambao hakumwambia mtu, hata marehemu mkewe, ni kwamba magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kushuka kwenye pikipiki ilikuwa kazi, kupanda tena ndiyo usiseme. Alianza kutoshuka kwa sababu ya maumivu, watu wakadhani ni ustadi, naye akawaacha wadhani. Mwisho wa yote akaamini hivyo yeye mwenyewe.

Siku dada yake alipompigia simu ilikuwa mwezi wa tatu bila tone la mvua. Dada huyu alikuwa mjane, mdogo wake wa kumfuata, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa anaiendesha nyumba. Ndani ya nyumba hiyo walikuwemo dada mwenyewe, mwanawe wa kiume ambaye kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kusaga unga, mke wa mwanawe, na binti yao wa miaka miwili.

"Kaka, njoo," dada alisema. "Ng'ombe wangu anachunika."

Alipofika getini, majirani walishajaa uani kama kawaida yao. Wakiisikia ile pikipiki hawabaki ndani. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo katikati ya jua. Mgongoni ngozi ilikuwa imekauka, imejikunja kama gome la mti, na palipobanduka paliachia nyama nyekundu. Chuchu zilikuwa zimevimba na kuiva. Kando ya banda, juu ya jiko la mkaa, sufuria la maji lilikuwa linatoa mvuke. Yalikuwa maji ya kuoshea kiwele kabla ya kukamua, kazi ya mke wa mpwa wake, ambaye alikuwa amesimama palepale na kitambaa mkononi.

Bwana mifugo aliangalia ng'ombe. Akaangalia sufuria. Akakunja uso.

"Huyu kaungua," alisema. "Maji ya moto."

Watu wakanyamaza. Na yeye, Mungu amsamehe, alikipenda kile kimya. Alikuwa anakipenda siku zote. Basi akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwomba: "Tena hayakumwagika haya. Yamemwagwa. Kwa hasira."

Sasa niambieni, tangu lini hasira ikaonekana kwenye ngozi ya ng'ombe? Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilipotoka lilijua pa kwenda. Siku tatu kabla ya hapo, mama mkwe na mkwe wake walikuwa wamegombana juu ya kikombe cha maziwa alichopewa mtoto wakati maziwa ya kuuza hayajapimwa. Waligombana uani, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Kwa hiyo bwana mifugo aliposema hasira, vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Mimi?" mke wa mpwa alisema. "Mjomba! Mimi nimwunguze ng'ombe? Shuka basi, mjomba, umguse, umwangalie vizuri."

"Mwanangu," bwana mifugo alimjibu kwa upole, "mimi nilikuwa natibu ng'ombe wewe hujazaliwa."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa kuwa Jicho kasema. Mke wa mpwa aliangalia chini. Mumewe alikuwa nyuma ya watu, nguo zake nyeupe kwa unga, na hakusema chochote. Bwana mifugo aliandika dawa ya kupaka na sindano za kuzuia vidonda visioze, akageuza pikipiki.

Jioni dada yake alipiga simu. "Nimemrudisha kwao. Na mtoto wake. Mtu anayemwunguza ng'ombe leo, kesho atamwunguza nani?"

"Na mumewe kasemaje?"

"Angesema nini? Kanyamaza."

Bwana mifugo akaweka simu mezani, akala.

Siku kumi zilipita. Siku ya kumi na moja simu ya dada ililia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imechangamka. "Kaka, amekubali! Amekuja na baba yake, amepiga magoti hapa uani mbele ya watu, amesema ni yeye, shetani alimpitia. Nimemsamehe. Nimemwambia inuka, mwanangu, yaishe. Mpaka majirani wamelia."

"Nilijua," bwana mifugo alisema, na pumzi ndefu ikamtoka. Siku hiyo alipita kwenye duka la dawa za mifugo akaisimulia habari hiyo mara mbili, kwa muuzaji na kwa mteja aliyekuja kununua dawa ya kupe. "Jicho halikosei," muuzaji akasema. Akasikia raha. Hakuuliza ng'ombe anaendeleaje.

*

Wiki ileile aliitwa kwa mwalimu mstaafu, mwanamke mmoja mwembamba, mkali, aliyefundisha nusu ya watu wazima wa eneo lile na bado anawasahihisha wakiongea. Alikuwa na kondoo sita. Watano walikuwa weupe, na masikio yao yalikuwa yamevimba yakaning'inia kama matambara. Pua na kope zilikuwa zimepasuka na kutoa maji.

"Utitiri," bwana mifugo alisema kutoka getini.

"Utitiri gani huo unaokaa masikioni na puani peke yake?" mwalimu aliuliza. "Mgongoni, kwenye manyoya, mbona hakuna kitu? Hata hawajikuni mgongo."

"Mwalimu, wewe mambo ya kondoo tuachie wenye kazi."

"Shuka."

"Sina haja ya kushuka, nimeshaona."

"Nimesema shuka. Mimi siongei na mtu aliye juu ya pikipiki. Zima na hilo lidude, linanipigia kelele."

Akashuka. Alichukua muda mrefu, akishikilia geti, akiuma meno, na mwalimu hakumsaidia wala hakumcheka. Alimshika kondoo wa kwanza, akapapasa sikio. Ngozi ilikuwa ngumu, ya moto, inabanduka. Akapekua mizizi ya manyoya. Hapakuwa na gamba la utitiri, hapakuwa na chawa. Akamvuta kope chini. Sehemu iliyopaswa kuwa nyeupe jichoni ilikuwa ya njano. Wa pili, njano. Wa tatu, njano.

Kondoo wa sita alikuwa mweusi. Uso wake ulikuwa mzima, masikio yake yamesimama vizuri, hana hata mchubuko. Lakini alikuwa kainamisha kichwa na hali. Bwana mifugo akamfungua jicho. Njano vilevile.

"Unawalisha nini?" aliuliza.

"Majani yako wapi, ukame huu? Nilipunguza ua wangu, nikawatupia. Mwanzoni waliyakataa, njaa ilipowazidi wakala." Mwalimu alionyesha ua uliozunguka nyumba, ule wenye vishada vidogo vya maua ya njano na waridi, unaonuka ukiusugua, ambao watu wengi wa pale walikuwa wameuotesha kuzuia kuku.

Hapo bwana mifugo aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Mwalimu alidhani kaanguka.

Alilijua jambo hili. Tena alilijua vizuri, lilitoka kwenye mtihani wake wa mwisho chuoni, na alilijibu. Mnyama akila majani haya, ini linaharibika. Ini likiharibika, damu inabeba uchafu mpaka kwenye ngozi, na uchafu huo ukipigwa na jua unaunguza. Lakini hauunguzi popote. Ngozi nyeusi inajikinga, ngozi nyeupe haina kinga. Mnyama wa madoa ataungua mabaka meupe tu, na mpaka wa jeraha utafuata mpaka wa rangi, sawasawa kama umechorwa kwa kalamu.

Alimwona ng'ombe wa dada yake akilini, amefungwa juani. Jicho lake lilikuwa limeona kila kitu siku ile, hilo ndilo lililomuuma. Mgongoni lilichunika baka jeupe, na pembeni yake ngozi nyeusi ilikuwa inang'aa, nzima. Chuchu zilikuwa nyeupe. Maji ya moto yakimwagwa yanatiririka popote, hayana habari na rangi. Na ua wa dada yake ulikuwa wa maua yaleyale.

"Daktari," mwalimu alisema, "kondoo wangu watakufa?"

"Waingize kivulini sasa hivi, ndani kabisa, jua lisiwaguse. Ua usiwape tena hata jani. Saga mkaa, uchanganye na maji, wanyweshe, na mimi nitawapaka hizo sehemu dawa wasiingiwe na funza." Alisita. "Mwalimu, nimefanya kosa kubwa."

"Kosa ni la utitiri? Nimeshakusamehe."

"Si la utitiri," alisema.

*

Alipofika kwa dada yake alizima pikipiki na kushuka, na majirani wawili waliokuwa wanafua wakaacha ndoo zao. "Jicho kashuka!" mmoja alimwambia mwenzake. "Kuna msiba?"

Hapakuwa na msiba. Nyumba ilikuwa imetulia kuliko alivyowahi kuiona. Mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria. Mke wa mpwa alikuwa amebeba beseni la maji kwenda bandani, na kabla hajafika mlangoni mama mkwe wake alimsimamisha, akachovya kidole kwenye beseni, akangoja kidogo, kisha akamwambia, "Haya, pita." Alisema kwa upole kabisa. Ilionekana wameshazoea, wanafanya hivyo kila siku.

Bwana mifugo aliingia bandani. Ng'ombe alikuwa amekonda. Ngozi ya mgongo ilikuwa imebanduka vipande viwili vizima, na dawa aliyoandika ilikuwa imepakwa vizuri juu ya ugonjwa usio wake. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa jeraha, pole pole, kuzunguka baka zima. Penye weupe paliungua, penye weusi palikuwa pazima. Akafungua jicho la ng'ombe. Njano. Kwenye hori kulikuwa na matawi ya ua, majani yameshaliwa, vijiti vimebaki.

"Nani anakata huu ua?"

"Mimi," dada alisema. "Tangu majani yaishe. Kwani vipi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, pale bandani, kwa sauti ya chini: majani, ini, jua, rangi. Dada yake alisikiliza mikono kiunoni. Alipomaliza, dada alichungulia nje kwanza kabla ya kusema.

"Kaka, nyamaza."

"Ninyamaze vipi?"

"Nyamaza tu, kama nilivyosema. Ua nitaacha kumpa, kivulini nitamweka. Lakini hayo mengine yaache. Mtoto wa watu ameshakubali, nimeshamsamehe, tunakaa kwa amani. Hatujawahi kukaa vizuri hivi! Hajibu, hanuni, akitumwa anakwenda. Ukisema leo, watu watanionaje mimi? Na wewe watakuonaje? Wewe una mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Unataka kuondoka unachekwa?"

Nitasema ukweli, maneno yale yalimwingia. Alisimama pale akiyapima. Nani ameumia, alijiambia, si wamepatana? Mke yuko nyumbani kwake, ng'ombe atatibiwa, mtoto ana baba yake. Alijiona tayari akitoka bandani, akitoa kikaratasi, akiandika dawa mpya bila maelezo. Alikuwa ameshakubali, hasa.

Wakatoka, akaketi kwenye kiti uani. Mke wa mpwa akamletea chai.

"Karibu chai, mjomba," alisema bila kuinua macho. Aliweka kikombe mbali kidogo na mkono wake, akarudi nyuma hatua mbili. "Nimeipoza. Si ya moto."

Bwana mifugo alikishika kikombe. Chai ilikuwa baridi kabisa, kama maji ya mtungi. Alimwangalia yule binti, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni, aibu ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Hukumwunguza," alisema.

"Kaka!" dada alimkatiza.

"Hukumwunguza ng'ombe wewe. Hakuna aliyemwunguza. Nilikosea mimi." Akasimama, akasema kwa sauti ya kufika kwa wale waliokuwa wanafua, na kwa wengine waliokwisha kusogea getini kwa kuisikia pikipiki. Akaeleza kila kitu, akawaonyesha vijiti vya ua, akawaambia waende bandani wakaangalie wenyewe ukingo wa jeraha. Mpwa wake alitoka ndani. Umeme ulikuwa umekatika mashineni na alikuwa amelala. Alisimama mlangoni akisikiliza, akijikuna shingo.

Mke wake hakulia wala hakushangilia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Hata kwa bahati mbaya."

"Maana nilikuwa nafikiri labda ni mimi." Alikuwa anaongea na bwana mifugo peke yake, kama watu wengine hawapo. "Siku zile mtoto alikuwa halali, na mimi silali. Nikawa najiuliza, labda nilimwaga nikasahau. Wote mnasema nilimwaga. Baba akasema Jicho hakosei, kubali yaishe. Nikawa nalifikiria kila siku, mjomba, mpaka nikauona mkono wangu unamwaga. Naliona sufuria, namwona ng'ombe anaruka. Nilipopiga magoti hapa, sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimeshaamini."

Mmoja wa wale majirani alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya basi," mpwa alisema kutoka mlangoni, "tushukuru, ukweli umejulikana. Yameisha." Akatabasamu kwa mkewe. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, hakumpiga wala hakumtukana. Hakuwahi kufanya chochote.

Mkewe akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na begi lilelile alilorudishwa nalo kwao, na mtoto mgongoni.

"Unakwenda wapi sasa?" mumewe aliuliza. "Si umeambiwa si wewe?"

"Ndiyo maana nakwenda. Nilipodhani nimekosa, nilikaa, nikasema niwavumilie maana wamenivumilia. Sasa mlikuwa mnanivumilia nini?"

"Mnamwona?" mama mkwe aliwageukia majirani, machozi yakimtoka, hajui kama analia kwa hasira au kwa hofu. "Nilimsamehe! Nilimsamehe kwa moyo mmoja, na bado anaondoka!" Halafu akamgeukia kaka yake. "Umefurahi? Umeibomoa nyumba yangu mara mbili. Toka kwangu."

"Ng'ombe abaki kivulini," bwana mifugo alisema. "Jua lisimguse."

"Toka!"

Getini, yule binti alikuwa anamngoja. "Washa pikipiki, mjomba," alisema. "Utanipeleka kwa baba, na utasema hukohuko kama ulivyosema hapa."

*

Baba yake alikuwa seremala. Walimkuta kwenye kibanda chake cha kazi mbele ya nyumba, anapiga randa ubao wa mlango, na maranda yamejaa mpaka kwenye viatu. Aliona begi kabla hajaona kitu kingine.

"Nini tena?" alisema.

Bwana mifugo alianza kusema. Alieleza kwa mpangilio, bila kuficha: kondoo wa mwalimu, macho ya njano, ua, ini, jua, ngozi nyeusi na ngozi nyeupe. Akasema, mimi ndiye niliyekosea, binti yako hana hatia hata chembe. Na alipokuwa akisema alijisikia mwenyewe, akaisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ileile ya siku ya kwanza, nzito, yenye uhakika, sauti ya getini.

Seremala alisikiliza mpaka mwisho. Akapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye randa.

"Una hakika, daktari?"

"Nina hakika."

"Hata siku ile ulikuwa na hakika."

"Siku ile sikushuka. Safari hii nimemshika ng'ombe kwa mikono yangu."

"Sawa." Seremala alitikisa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayekubaliana na mteja asiye na fedha. "Nimekuelewa. Lakini na wewe nielewe. Nilimpeleka mtoto wangu akapige magoti kwa watu kwa neno lako. Leo unamrudisha na begi, unaniambia hana kosa. Kama hana kosa, anarudi kufanya nini? Niambie tu ukweli, mimi ni mtu mzima. Kafanya lingine, mkaamua kumrudisha kistaarabu? Dada yako kakutuma?"

Bwana mifugo alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba alihitaji mtu amwamini kuliko alivyohitaji pumzi, na hakuwa na kitu cha kumpa. Alisema tena habari ya mabaka meupe. Akasema njoo ukamwone ng'ombe. Akala kiapo. Kadiri alivyosema, ndivyo seremala alivyozidi kutikisa kichwa kwa adabu.

"Mjomba, acha," yule binti alisema. Alimshusha mtoto mgongoni, akamweka juu ya maranda. "Baba. Sikumwaga."

"Mbona ulikubali?"

"Uliniambia nikubali."

"Ungekataa! Una mdomo!"

"Nilikataa siku tatu nzima za mwanzo, ndani ya nyumba hii. Siku hizo tatu, baba, uliniuliza mara ngapi?"

Seremala aliipitisha randa mara moja juu ya ubao.

"Ulimuuliza mama. Ukamuuliza fundi mwenzako. Ukampigia mume wangu, ukamuuliza yeye. Mimi hukuniuliza hata mara moja. Ulikuja tu ukaniambia nijiandae, tunakwenda kuomba msamaha."

Mtoto alikuwa anatupa maranda hewani na kucheka. Seremala aliiweka randa chini, akaisogeza pembeni, akaisogeza tena ingawa ilikuwa imeshakaa sawa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alipoongea sauti yake haikuwa ya ukali tena.

"Haya," alisema. "Ulimwaga?"

"Sikumwaga, baba."

Alimtazama binti yake muda mrefu. Bwana mifugo akasogea hatua moja, akataka kusema ndiyo, ni kweli, mimi ni shahidi; lakini seremala aliinua mkono bila kumgeukia.

"Daktari," alisema, "sisi tunaongea na mtoto wetu. Wewe nenda."